Kabla ya kuiota Mombasa, tuuzuru mji wetu

Kila muhula mimi husafiri sana bila kuinuka kitini. Huwapa wanafunzi wangu insha ya kueleza ziara ambayo hawataisahau maishani, nao hunipeleka Mombasa. Tunaondoka jogoo la kwanza likiwika, tunapanda basi la kifahari, tunawapungia mikono ndovu wa Tsavo, tunaoga katika maji ya Bahari Hindi, kisha tunarudi nyumbani tukiwa hoi bin taabani. Daftari la pili nalo ni vivyo hivyo, ila basi limegeuka ndege.

Wakati mmoja nilimwita mwandishi wa insha ya namna hiyo, kijana wa hapa hapa mitaa ya Eastlands, nikamuuliza jina la hoteli waliyolala. Aliinamisha kichwa. "Mwalimu," akasema, "mimi sijavuka Mlolongo." Nikamuuliza mbona basi hakuandika juu ya mji wetu, tuseme juu ya Jumba la Makumbusho ya Taifa. Akanitazama kana kwamba nimemfanyia mzaha. "Makumbusho ni ya watalii, mwalimu. Na huku kwetu hakuna kitu cha kuandika."

Maneno hayo hayajanitoka moyoni hadi leo. Mtoto aliyezaliwa Nairobi, akasomea Nairobi, anaamini kwamba mji huu una mambo ya kutazamwa na wageni, na kwamba mtaa wake hauna lolote. Kosa si lake. Sisi tuliomlea na kumfundisha ndio tuliomzoesha kufikiri kwamba kuzuru mahali ni kwenda mbali, na kwamba kwenda mbali ni kwa wenye pesa. Nimepata kufundisha katika shule moja ambapo, siku ya ziara, basi liliondoka na wanafunzi waliolipa, na wenzao wakabaki wameketi kwenye ngazi za darasa wakilisindikiza kwa macho. Sijui somo gani la jiografia lingeweza kulifuta somo walilolipata waliobaki.

Nilipowasimulia rafiki zangu watatu kisa cha kijana yule, mmoja wao, mwalimu mwenzangu, alinipiga swali: "Na wewe je? Mara ya mwisho kuingia makumbusho ilikuwa lini?" Nikakosa jibu. Basi tukakubaliana kwamba Jumamosi itakayofuata tutaizuru Nairobi kama wageni, kwa miguu, na kwamba hakuna atakayetumia zaidi ya shilingi 500, chakula kikiwamo.

Tulianzia Ofafa Jericho, ninakokaa. Hata kabla ya kwenda popote niliaibika, kwa kuwa mwenzetu, fundi cherehani asiyejidai usomi, aliuliza Ofafa alikuwa nani, na sisi walimu wawili tukatazamana. Baadaye tulisoma kwamba Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa jiji aliyeuawa mwaka wa 1953, siku za Hali ya Hatari. Jirani yetu Mbotela nako kunabeba jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU, aliyeuawa mwaka uliotangulia. Watoto wetu huandika majina haya kwenye madaftari yao kila siku kama anwani tu.

Tukaifuata Barabara ya Jogoo hadi Kaloleni. Mtaa huu, uliojengwa katika miaka ya 1940, una miti mikubwa na ukumbi ambamo mikutano mingi ya siasa na ya wafanyakazi ilifanywa kabla ya Uhuru. Humo mtaani mna tawi la Maktaba ya McMillan, na kuingia kusoma hakuhitaji utajiri. Kutoka hapo tukapita soko la Burma, linalokumbusha vita walivyokwenda kupigana baba na babu zetu huko Asia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Tukajipenyeza katikati ya mabunda ya mitumba ya Gikomba, na saa sita tukawa Kariokor, tumeketi mbele ya ugali, mboga na vipande vya nyama choma, huku pembeni mafundi wakishona viatu vya ngozi na akina mama wakiuza vyondo.

Hapo Kariokor ndipo safari yetu ilipopata maana. Jina hilo ni la Kiingereza lililotafunwa na vinywa vya wananchi. Ndilo jina la kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kambi yao ilikuwa hapo. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Saa moja baadaye tulisimama katika Barabara ya Kenyatta, mbele ya mnara wa sanamu tatu za shaba uliowekwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Nimepita hapo mara zisizohesabika nikikimbilia matatu. Siku hiyo nilisoma maandishi yake, ambayo Kiswahili kimo, nikaona kwamba wapagazi wametajwa. Mnara uko mjini, lakini maelezo yake yako Eastlands. Asiyeijua Kariokor hawezi kuuelewa, na asiyeuona mnara hawezi kujua kwamba Kariokor si soko tu.

Kutoka hapo, kila tulipofika palikuwa na uzi unaorudi kwetu. Katika Barabara ya Moi tuliiona sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa Mbunge hapa Nairobi, ikisimama karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Ng'ambo ya hapo ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, katika jengo lililokuwa benki, ambamo kwa kiingilio kidogo tuliona kazi za sanaa zilizokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966. Tuliingia Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, tukipita baina ya simba wawili wa mawe. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Leo mlango u wazi, lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaoupita kana kwamba ungali umefungwa?

Tulimalizia Makumbusho ya Reli, yaliyoanzishwa mwaka wa 1971. Humo mna behewa ambamo afisa wa polisi, Charles Ryall, alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka wa 1900. Mwenzetu wa nne, ambaye babake alikuwa mfanyakazi wa reli aliyekaa katika nyumba za Muthurwa, alisimama kimya mbele ya garimoshi kuukuu akiligusa kwa kidole. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza ameona kitu ambacho babake alikuwa akikisimulia. Tulirudi Jericho kwa matatu, na mfukoni nilikuwa nimebakiwa na shilingi 40.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wako watakaosema kwamba mji huu una wezi. Ni kweli, na kwa hiyo twende kwa makundi, mchana, mali zetu zikiwa chache na wazazi wakijua tulipo. Lakini tukumbuke kwamba watoto hawa hupita Gikomba na Muthurwa kila wiki wakitumwa na wazazi wao. Hatari wanayoizoea kwa ajili ya nyanya na vitunguu haiwezi kuwa kubwa mno kwa ajili ya elimu. Wengine watasema kwamba hata kiingilio kidogo ni kikubwa kwa mzazi asiye na kazi. Hilo nalikubali. Mwananchi hutozwa sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni, lakini sehemu ndogo ya pesa ni kubwa kwa asiye nazo. Ndiyo maana naziomba idara zinazohusika zitenge siku katika kila likizo ambapo mwanafunzi wa shule ya umma ataingia bure kwa kuonyesha sare yake. Hata hivyo, tusisubiri siku hiyo ndipo tuinuke. Mnara hautozi kiingilio, wala sanamu ya Mboya, wala majina ya mitaa yetu.

Mwalimu mwenzangu, huna haja ya basi. Chukua wanafunzi wachache, omba ruhusa ya mkuu wa shule na ya wazazi, ubebe maji na mihogo ya kuchemsha, uanze na jina la mtaa ambamo shule yako imo. Waulize wazee wa mtaa kabla ya kuuliza vitabu. Kisha uwape insha ile ile ya ziara. Nawe mwanafunzi, usimngoje mwalimu. Wageni vijana huja na mabegi mgongoni kutoka mabara mengine, wakachangishana pesa za chakula, wakauzunguka mji wetu kwa miguu wakiutazama kwa makini. Wewe unaishi ndani yake. Changishaneni na rafiki zako.

Sisemi kwamba Mombasa haifai kuzuriwa. Inafaa, na Mungu akijalia utaiona. Lakini wahenga walitukanya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mtoto anayeamini kwamba kwao hakuna kitu cha kuandika, kesho ataamini pia kwamba kwao hakuna kitu cha kulinda. Ukumbi ukibomolewa, uwanja ukinyakuliwa, maktaba ikifungwa, hatasema neno, kwa kuwa hakuwahi kujua kwamba ni vyake.

Yule kijana wa insha nilimpeleka Kariokor na mnarani katika likizo iliyofuata, pamoja na wenzake watano. Aliniletea insha nyingine. Haikuwa na jogoo la kwanza wala bahari, na ilikuwa na makosa kadhaa ya sarufi. Ilianza kwa swali alilomuuliza nyanya yake: je, katika ukoo wetu, kuna aliyebeba mizigo ya vita? Nilimpa alama za juu kabisa, nami bado nangoja aniambie jibu.