Kisanduku cha kabila hakipimi damu

Wadau, leo tuziweke seva kando tuzungumzie jeni. Msikimbie, tutaishia kwenye programu.

Tuchukue selimundu. Herufi moja ya DNA kwenye jeni ya hemoglobini hubadilika, A ikawa T, tukapata aina iitwayo S. Ukirithi S moja wewe ni mbebaji tu, tena una kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ukirithi mbili, unaugua. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu hapa nchini. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta jamii zenye wabebaji zaidi ya asilimia 20. Nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Mwaka 1954 akachapisha sababu: malaria. Yaani S inamfuata mbu, haiangalii rangi ya ngozi.

Sasa njoo Taita Taveta. Taveta iko bondeni, na malaria yake ilianzishiwa mradi wa kupulizia nyumba dawa miaka ya 1950. Kilele cha Vuria kiko mita 2,208. Voi nayo ni mji wa reli na barabara kuu, kuna watu wa Pwani, Ukambani, Nyanza na milimani. Mama Mtaita, baba Mjaluo, nyanya Mgiriama: programu ya zahanati inayotumia kisanduku cha "kabila" kuamua nani apimwe itamweka wapi mtoto huyo?

Databesi kubwa hazitatuokoa. Mradi wa 1000 Genomes, uliokamilika 2015, una watu 2,504 wa jamii 26. Kutoka Kenya ni Waluhya wa Webuye peke yao, na kwenye safu ya "Afrika" wamejumlishwa na Wayoruba wa Ibadan na hata watu wa Barbados. Wastani huo utamwambia nini mkunga wa Mwatate?

Msimamo wangu: asilimia ni ya kundi, damu ni ya mtu. Wazazi wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kuugua. Apimwe kila mtoto anayezaliwa, na programu ihifadhi jibu lenyewe: AA, AS au SS. Mtoto wa SS akijulikana mapema huanzishiwa penisilini na chanjo kabla maambukizi hayajamuwahi. Mtasema ni gharama. Kweli, lakini asiyepimwa kwa sababu ya kabila lake ndiye atakayeilipa.

Wenye kuandika programu za hospitali, mnasemaje?