Faiba itapita Modogashe, lakini itasimama?

Ukikaa fleti Pipeline, Nairobi, mauzo wa intaneti watakugongea mlango hata Jumapili. Sio mapenzi. Waya mmoja wa faiba hugawiwa nyumba 32 au hata 64, na jengo lako lina zote hizo kwenye ngazi moja. Mtaro wa mita chache tu, na gharama imerudi. Zuku nayo ilipitisha intaneti kwenye kebo ileile ya televisheni, maana ilishaingia sebuleni.

Sasa peleka hesabu hiyo Modogashe, kwenye barabara ya Isiolo kwenda Wajir. Ukitoka mjini tu, ni nyika. Hapo kampuni inauliza jambo moja: kila kilomita ina walipaji wangapi? Jibu huwa ni mlingoti. Mmoja unatosha mji mzima, na data inarushwa kwa redio kutoka mlingoti hadi mwingine. Lakini njia hiyo ni nyembamba, na jioni wote mnaigawana, ndiyo maana video inazunguka tu. Tena Al-Shabaab wamewahi kulipua milingoti Kaskazini Mashariki. Ukianguka ule unaobeba wengine, miji ya mbele nayo inazimika.

Kwa hivyo barabara ya Isiolo–Wajir–Mandera, iliyopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2020, si lami tu. Mradi huo una faiba pia. Kuchimba ndiko hula pesa nyingi, na hapa kampuni hazichimbi.

Usishangilie bado. Faiba ya barabarani ni kama basi la Mandera: linaweza kukupita ukiwa umesimama hapo na mzigo wako. Lazima pawe na kituo cha kushusha, chenye mitambo na stima, kisha kampuni ikodishe laini kwa bei inayolipa.

Au ungoje setilaiti? Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na kufikia Novemba 2024 ilikuwa imesitisha kusajili wateja wapya Nairobi kwa kujaa. Uwezo wake hugawanywa kwa eneo, kwa hivyo, cha ajabu, inafaa zaidi penye watu wachache. Shida ni kwamba kifaa unalipia wewe, mlingoti unajengewa.

Kuna pia Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao, uliowekwa kwa sehemu ambazo hesabu ya biashara inakataa. Kwa hivyo baraza la mradi likiitwa, usiulize faiba inafika lini. Uliza kituo cha Modogashe kiko wapi, na nani analipia kilomita ya mwisho.