Nani Kasema Resti ni Mkongojo?

Hebu niambieni, wacheza pool wa mitaani, nani aliwadanganya kwamba kuegemeza fimbo kwenye resti ni uzee? Nasema kile kigongo kirefu chenye kichwa kama alama ya kuzidisha. Mpira mweupe ukikaa mbali na mkono haufiki, unakichukua, unaegemeza fimbo, unapiga. Basi. Lakini thubutu kukigusa mbele ya watu! "Babu kachukua mkongojo!" "Mpeni na miwani!" Kijiwe kizima kinaangua kicheko, na mtu akishachekwa, jamani, mkono lazima utetemeke. (Ndio hawa hawa wanaotucheka tukifungua kamusi katikati ya hadithi.)

Sasa kukwepa kicheko hicho, watu wanapanda mezani. Juzijuzi nimeangalia mechi ya pesa, shilingi 10,000 kila upande. Jamaa, tena mrefu, kalala juu ya meza kama papa mnadani, miguu yote miwili inaelea, kapiga, mpira ukazama. Makofi! Refa kimya. Zamu iliyofuata mpinzani wake, dada mmoja mfupi, akaomba resti. Zogo! Ati "kusaidiwa" hakuruhusiwi kwenye mechi ya pesa. Akanyimwa. Akajinyoosha weee, fimbo ikateleza, elfu kumi yake ikaenda hivi hivi.

Wabishi wale sheria hawajawahi kuisoma. Kanuni za WPA, chama cha dunia cha mchezo huu, zinataka angalau mguu mmoja uguse sakafu wakati ncha ya fimbo inagonga mpira mweupe. Miguu yote ikiwa juu, ni faulo. Resti je? Ruksa, na si moja, hata mbili kwa mpigo mmoja. Glavu nazo ruksa. Kwa hiyo siku ile aliyevunja sheria ndiye aliyepigiwa makofi, na aliyeifuata akanyang'anywa haki yake huku refa anakunywa soda. Unachodaiwa na resti ni kuangalia tu isisukume mipira.

Na hata ukiikwepa kwa ufundi halali, kwa kubadili mkono, bado hawakosi neno. Mwaka 1996, kule Sheffield, Uingereza, kwenye mashindano ya dunia ya snuka, ambayo ni ndugu wa pool, Ronnie O'Sullivan alianza kupiga kwa mkono wa kushoto. Mpinzani wake, Alain Robidoux, akaona kadharauliwa. Alipofungwa 10-3 akakataa kumpa mkono. Sasa mtu apige kwa nini, meno?

Na wewe mwenye meza, usijifiche nyuma ya kaunta. Resti yako naijua ilipo: mnaitumia kutolea utando wa buibui darini. Ifute vumbi, uirudishe mezani kabla ya mechi ya Jumamosi.