Waambie Wenzako wa Mchezo

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wazee wenzangu mliokwisha kupata pansiyo,

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za kaske, viatu vya chuma, vumbi la mawe na baruti. Ni habari za maana, nami nilizisoma miaka yote niliyofanya kazi ya umeme chini ya shimo. Leo ninaomba nafasi nizungumze juu ya hatari nyingine, ambayo haina kibao chekundu cha kuonya: kansere ya prostati. Mimi si daktari. Mimi ni mgonjwa wake.

Tangu nilipoacha kazi ninakaa Uvira, upande wa Kalundu, karibu na bandari. Kila siku saa kumi ya jioni, jua likipungua ukali, tunakutana wanaume saba au wanane chini ya mwembe kucheza dame. Ubao tuliuchora wenyewe juu ya kipande cha triplai. Kete zetu ni vifuniko vya chupa: mmoja anacheza na vilivyolala kifudifudi, mwingine na vilivyolala chali. Kuna mvuvi, dereva wa lori, mwalimu, mchungaji mmoja wa kanisa na mshona viatu. Hatuchezi kwa pesa. Aliyefungwa anatoka, mwingine anakaa, na maneno ya kuchekana ni mengi kuliko kete.

Mwaka 2022 nilianza kusimama sana. Mchezo mmoja, kama wachezaji wote wawili ni wazito, unaweza kuchukua nusu saa. Mimi nilisimama mara mbili kabla haujaisha, nikaenda nyuma ya ukuta, nikakaa huko nikingoja mkojo ambao ulikuja kidogo kidogo. Nyumbani bibi yangu hakuona neno, kwa maana usiku nilitembea polepole nisimwamshe. Aliyeona ni dereva. Siku moja alisema mbele ya wote: “Mzee, ukiona unafungwa unakimbia?” Wote wakacheka, nami nikacheka. Lakini jioni ile alinisindikiza hadi mlangoni akaniuliza tena, safari hii bila mzaha.

Nilimdanganya. Nilimwambia ni baridi ya ziwa.

Nilikuwa nimekwenda kwenye kituo kimoja cha afya, nikapewa dawa za kuua vijidudu mara tatu. Hakuna aliyeniuliza miaka yangu, nami sikusema kwamba marehemu kaka yangu alikuwa na shida ya mkojo kabla ya kufa. Kisha nikapewa mizizi ya kuchemsha na mtu wa sokoni. Na mgongo ulikuwa unauma, lakini hilo sikulihesabu kabisa. Sisi watu wa shimo kila maumivu ya mgongo tunayatia juu ya kazi. Tulibeba nyaya, tuliinama miaka thelathini, mgongo utaacheje kuuma? Ndugu, hapo ndipo nilipopoteza mwaka mzima.

Sasa mniruhusu nieleze prostati ni kitu gani, kwa sababu wengi wetu tunalisikia jina hili kwa mara ya kwanza siku tunapoambiwa imeharibika. Ni tezi ya mwanaume tu, kubwa kiasi cha limau dogo, iliyo chini ya kibofu. Njia ya mkojo inapita katikati yake. Mtu akizeeka tezi hii hukua, ikabana njia, na mkojo ukawa dhaifu. Kwa wanaume wengi ni kukua kwa uzee tu, si kansere, na kuna dawa. Kwa hiyo anayeamka usiku mara tatu asianze kuandika wasia. Lakini kansere nayo hukaa humo humo, na ubaya wake ni kwamba mwanzoni haiumi wala haizuii mkojo. Inapoleta dalili, mara nyingi imekwisha kutembea, na mahali inapopenda kwenda ni mifupa: mgongo, nyonga, mbavu.

Katika nchi yetu ni kansere inayoshika wanaume wengi kuliko nyingine zote. Kwa dunia nzima, mwaka 2022 peke yake walihesabiwa wagonjwa wapya karibu 1,470,000, na waliokufa karibu 397,000. Watu weusi wanapatwa zaidi, na mtu ambaye baba yake au ndugu yake wa damu aliugua, hatari yake ni kama mara mbili ya wengine.

Mwanzoni mwa 2023 mkojo ulifunga kabisa. Ni dereva yule yule aliyenibeba usiku hadi hospitali, wakanitia mpira wa kutoa mkojo. Daktari alinipima kwa kidole njia ya nyuma. Ndiyo, ninaliandika wazi, kwa sababu najua kuna wanaume wanaokataa kwenda hospitali kwa ajili ya kidole hicho. Haifiki dakika moja. Nilipata aibu kubwa zaidi siku nilipojikojolea ndani ya basi. Kisha damu ikapimwa kipimo kinachoitwa PSA, nikatumwa Bukavu. Tulipita Sange, Luvungi, Kamanyola, tukapanda milima ya Ngomo, nami nimekaa juu ya mto kwa sababu ya mashimo ya barabara. Huko walinyofoa vipande vidogo vya nyama kwa sindano ili viangaliwe kwa darubini. Jibu lilikuwa kansere, nayo ilikuwa imekwisha kugusa mifupa ya mgongo.

Niliporudi sikuonekana kwenye dame siku kumi na mbili. Nilimwambia bibi yangu na mtoto wangu wa kwanza, nikawakataza kusema. Niliogopa nini? Kifo, ndiyo, lakini si kifo peke yake. Daktari alikuwa ameniambia kwamba kansere hii inalishwa na homoni ya kiume, na homoni hiyo inatoka zaidi katika makende. Jambo hili lilionyeshwa na Charles Huggins huko Chicago mwaka 1941, naye alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1966. Homoni ikikatwa, ugonjwa unalala, pengine miaka kadhaa, ingawa hauponi. Kuna sindano za kila miezi mitatu, ambazo bei yake mimi siiwezi, na kuna kupasuliwa mara moja, kuondoa makende, kwa bei ndogo. Nikajiuliza, mwanaume atakwendaje kukaa mbele ya wanaume wenzake baada ya hapo?

Nchi yetu inaijua sana habari ya kuficha ugonjwa huu. Agosti 1996 Rais Mobutu alipasuliwa kwa kansere ya prostati huko Lausanne, Uswisi. Wananchi waliishi kwa uvumi. Wakati yeye yuko Ulaya akitibiwa, vita vilianza kwetu, na Uvira ikaanguka mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Alikufa Rabat, Moroko, tarehe 7 Septemba 1997. Sisemi kuficha ndiko kulikomwua. Ninasema tu kwamba upande wa kusini watu wengine walishika njia nyingine. Askofu Desmond Tutu alijulishwa ugonjwa huo huo mwaka 1997, akausema waziwazi miaka yote, akafa mwaka 2021 akiwa na miaka 90. Mandela alitangaziwa watu wote mwaka 2001 kwamba anatibiwa kwa mionzi. Aliishi hadi 2013. Kwao kulikuwa na hospitali kubwa, najua, na kansere haikuwa imefika mbali. Lakini wote wawili walikuwa watu wazima wenye heshima, na heshima yao haikupungua kwa kulitaja neno prostati.

Siku ya kumi na tatu wenzangu walikuja wenyewe na ubao. Waliuweka juu ya meza yangu, wakapanga vifuniko, hawakuuliza kitu. Katikati ya mchezo nilisema yote, hata habari ya makende. Kukawa kimya. Kisha mshona viatu akasema: “Papa, dame tunacheza kwa mikono. Zamu yako.” Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na sijui hadi leo kama yalikuwa ya kicheko tu.

Pesa ya kupasuliwa ilitoka kwenye likirimba yetu. Aliyekuwa na zamu ya kupokea mwezi ule aliniachia. Mvuvi alileta ndagala nyumbani kila Jumamosi. Mchungaji aliniombea, na kesho yake akanipeleka mwenyewe hospitali, na hilo nawaomba wachungaji wengine walione: aliomba na alinipeleka.

Lakini sitaki mdhani yote yalikuwa mazuri. Niliporudi kwenye mwembe walianza kuniachia nishinde. Mtu ambaye miaka yote alinifunga bila huruma, sasa anasogeza kete yake mdomoni mwa kete yangu kama kipofu. Wiki nzima sikufungwa. Nilikasirika kuliko siku ya jibu la Bukavu. Kule nyumbani mimi nilikuwa mgonjwa: bibi ananitazama ninavyotembea, watoto wananong'ona. Hospitali nilikuwa karatasi. Chini ya mwembe peke yake nilikuwa bado mchezaji, na wao sasa wananinyang'anya hata hilo! Nilipindua ubao. Mwalimu aliokota vifuniko, akavipanga, akanifunga kwa dakika kumi.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Kila mfanyakazi ana mahali pake pa kupumzika: kuna timu ya wazee ya mpira, kuna kwaya, kuna wanaotega ndoana Jumapili, kuna wanaocheza karata. Ukipata ugonjwa huu, waambie watu wa pale mapema, usingoje mkojo ufunge kama mimi. Wao wanakujua bila ugonjwa, tena wanakuona muda mrefu kuliko daktari. Na ninyi wenzake, msimletee nyuso za msiba. Mpelekeni kupima, mshike zamu za hospitali, kisha mcheze naye kwa nguvu. Mkimwona mgonjwa wa namna hii miguu inalegea ghafla, au inakufa ganzi, au mkojo unakatika, msingoje asubuhi, kwa maana uti wa mgongo unabanwa na anaweza kupooza.

Kwangu jambo lilienea bila mimi kutaka. Mwezi mmoja baada ya mimi kusema, wawili kati yetu walikwenda kupima. Mmoja ni kukua kwa uzee tu, anakunywa vidonge. Wa pili alikuwa ameficha miaka miwili, anatibiwa sasa.

Kwa wakubwa wa kampuni nina ombi pia. Kila mwaka mnawapima wafanyakazi mapafu kwa ajili ya vumbi, na masikio kwa ajili ya kelele za mashine. Mtu akifika miaka 45, daktari wa kampuni akae naye amweleze habari za prostati, na akitaka apimwe PSA. Najua wengine watajibu kwamba kipimo hiki kinatisha watu bure. Ni kweli kwamba kinaweza kupanda kwa sababu ya maambukizo au uzee, na kuna kansere za polepole ambazo mzee anakufa nazo bila kuuawa nazo. Kwa hiyo aelezwe kwanza, asichomwe sindano tu kama ng'ombe. Lakini maumivu ya mgongo ya mtu wa miaka hamsini na mitano yasijibiwe tena kwa vidonge vya maumivu na siku mbili za kupumzika.

Mimi ninaendelea. Ninatokwa na jasho la ghafla usiku, nimenenepa tumbo, na hamu ya kimwili imekwenda, jambo ambalo bibi yangu na mimi tulilizungumza kwa taabu na tukalimaliza. Mwaka 2025, vita vilipofunga barabara ya Bukavu, nilifanya kipimo changu Bujumbura, dereva akiwa mbele, mimi nyuma juu ya mto ule ule. PSA ilikuwa chini.

Jana mshona viatu alinifunga mara tatu mfululizo. Anadai nilisimama ili kukimbia.