Ndege asiye na kiota hapa



Juma lililopita niliwanyang'anya wadogo wetu mipira mitatu ya kurushia mawe, nyuma ya internati. Nikauliza juu ya nini wanapiga mbayuwayu wanaokaa juu ya waya. Mmoja akajibu pasipo haya: «Kapita, ule ndege amepotea tu. Hana kiota hapa, hana mwenyewe.»

Neno hilo limenisumbua, sababu hata watu wazima wanasemaka hivyo: ndege akionekana pahali asipozaa, basi anatangatanga. Mimi nakataa.

Tuangalie milima ya Sierra Nevada, kule California, Marekani. Mvua na theluji yao inaanguka wakati wa baridi. Kiangazi ni haba sana. Mwezi wa saba majani ya chini yamekwisha kukauka na wadudu wamepunguka. Lakini juu, kupita metre 2500, theluji njo kwanza imeyeyuka, maua yanafunguka, wadudu ni tele. Basi ndege mingi wakiisha kulea watoto chini, wanapanda. Kuko kamoja ka rangi ya majani mabichi, kwa Kilatini Leiothlypis celata, kanajenga katika vichaka vya chini, kisha kanapanda kubadilisha manyoya kule kwenye chakula. Kuotesha manyoya mapya ni kazi nzito kwa mwili, siyo matembezi. Kuko na mwingine wa mdomo mrefu anayenyonya maua, Selasphorus rufus, gramu 3 ao 4 tu. Anatoka hata Alaska kwenda Mexico, na mwezi wa saba na wa nane anapitia maua ya milimani, akiyalinda kwa vita kali. Hiyo ni kupotea? Na wanarudilia kila mwaka!

Mbayuwayu huyu wa kwenye waya ni vilevile. Anazaa Ulaya, anaanza kufika Afrika mwezi wa tisa, na manyoya ya kurukia anayabadilisha huku huku. Ukimpiga hapa, kiota kitakachokosa mwenyewe ni cha kule, mwezi wa tano. Wewe hutakiona, njo maana unasema si kitu.

Nakubali, kuna ndege anayepotezwa na upepo kweli. Lakini siyo msururu mzima juu ya waya, mwaka kwa mwaka.

Mipira mitatu iko kwangu. Mwenye kutaka kunijibu aandike katika gazeti lijalo, nitasoma kwa furaha. Mpira sirudishi.

Kapita wa shule, darasa la sita