Nani atacheza kisa cha Marani?

Wasee wa Kisii na Nyamira, kucheza tunajua. Obokano ikilia, nani hubaki kitini? Lakini mara ya mwisho kuona densi iliyokunyima usingizi ilikuwa lini?

Oktoba 2021 kule Marani, umati uliwaua wanawake wanne, wengine nyanya za watu, ukidai ni wachawi. Tukanong'ona, kisha tukanyamaza.

Faustin Linyekula wa Kongo huleta jukwaani vita na hofu ya kwao. Sisi je? Umati ukichezwa jukwaani, kila mtu anaonekana: aliyeanza, aliyefuata, aliyesimama tu kutazama. Hapo huwezi kusema eti "ni watu walifanya." Watu ni mimi na wewe. Vijana wa densi, anzieni hapo. Kuna nyanya mashinani wanaoogopa kuzeeka.