Kamsa ya moto bila mlango wazi haiwezi kuokoa wanafunzi

KILA mara bweni la shule linapoteketea nchini na kuua wanafunzi, swali la kwanza huwa ni nani aliyewasha moto. Polisi huitwa, wanafunzi huhojiwa, na wazazi hutaka kujua iwapo mshukiwa amekamatwa. Swali la pili, ambalo ndilo lenye uwezo wa kuwaokoa watakaolala bwenini usiku wa kesho, huulizwa kwa sauti ya chini au lisiulizwe kabisa. Je, waliokuwa wamelala walijua mapema kiasi gani kuwa bweni lao linaungua, na walipojua, walikuwa na njia gani ya kutoka?

Orodha ya mikasa hiyo ni ndefu na ya kuhuzunisha. Mnamo Machi 1998, wasichana 26 walifariki katika Shule ya Upili ya Wasichana ya Bombolulu, eneo la Pwani. Miaka mitatu baadaye, usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 waliangamia katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mnamo Septemba 2, 2017, moto uliua wasichana 10 katika Shule ya Wasichana ya Moi, Nairobi. Nao usiku wa Septemba 5, 2024, wavulana 21 walipoteza maisha katika shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, ambapo bweni moja lilikuwa na watoto zaidi ya 150.

Mikasa hii ilitokea katika sehemu tofauti za nchi, na katika shule za viwango tofauti. Hata hivyo, yote ilizuka usiku, wanafunzi wakiwa wamelala. Kule Bombolulu na Kyanguli, madirisha yalikuwa na vyuma na mlango ulikuwa umefungwa. Waliokufa hawakukosa nguvu za kukimbia. Walikosa muda na njia.

Serikali haiwezi kulaumiwa kwa kukosa kanuni. Mwaka wa 2008, Wizara ya Elimu ilichapisha mwongozo wa viwango vya usalama shuleni ambao haukuacha jambo kubwa. Uliagiza kwamba kitanda na kitanda vitenganishwe kwa mita 1.2 na ujia uwe na upana usiopungua mita mbili. Milango ifunguke kwa nje na isifungwe wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Kuwe na mlango kila upande wa bweni na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Aidha, kila njia ya kutokea iwe na vizima-moto vinavyofanya kazi, na kamsa za moto ziwekwe mahali panapofikika kwa urahisi.

Agizo hilo la mwisho linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu ndilo linalohusu dakika za kwanza. Kamsa iliyowekwa mahali panapofikika kwa urahisi ni kamsa inayosubiri mkono wa mtu. Inachukulia kwamba kuna aliye macho, aliyeuona moto, na aliye na utulivu wa kutosha kukitafuta kitufe gizani. Saa nane za usiku, mtu huyo huenda asiwepo.

Watu wengi hudhani kuwa harufu ya moshi itamwamsha aliyelala. Ukweli ni kinyume. Hisi ya kunusa hufifia mno usingizini, na hewa ya sumu iliyomo katika moshi humzidishia mtu usingizi badala ya kumzindua. Mara nyingi moshi huua kabla ya miali kumfikia mtu. Ndiposa wataalamu wa usalama wakapendekeza vifaa vya kunasa moshi, ambavyo hubandikwa darini na kupiga kelele vyenyewe bila kungoja mtu. Kwa kuwa moshi hupanda juu kwanza, kifaa cha aina hiyo huutambua kabla haujashuka hadi kwenye vitanda.

Hata hivyo, kifaa hicho pekee hakitoshi. Utafiti uliofanywa katika mataifa mbalimbali umeonyesha kwamba watoto wengi huendelea kulala fofofo kengele yenye sauti nyembamba inapolia, ilhali mtu mzima huamka. Kwa hivyo, kamsa ya bweni inafaa kusikika pia chumbani mwa matroni au mlezi wa bweni, na kwenye kibanda cha mlinzi langoni. Iwapo mlezi huyo analala mbali, au hayupo kabisa, kengele itakuwa inawalilia wasioisikia.

Aliyeamka naye anahitaji mlango. Hapa ndipo shule nyingi hujikuta katika njia panda. Walimu wakuu hufunga mabweni kwa sababu wanazoziona kuwa za busara: kuzuia wanafunzi kutoroka, kuwazuia wezi, na kuwalinda wasichana dhidi ya wavamizi. Hofu hizo si za kubuni. Lakini kufuli inayomzuia mwizi kuingia haimtambui mtoto anayetaka kutoka. Bodi ya usimamizi inayonunua kamsa huku ikiacha komeo nje ya mlango imewapa wanafunzi habari za kifo chao, si nafasi ya kukiepuka. Yapo makomeo yanayofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani huku yakibaki yamefungwa kwa aliye nje, na hayo ndiyo yanayofaa mabweni.

Jambo la tatu ni nani anayesikia nje ya shule. Somo la Chicago, Marekani, bado lina uzito. Mnamo Desemba 1, 1958, moto uliua wanafunzi 92 na watawa watatu katika shule ya Our Lady of the Angels. Ulikuwa mchana, na wanafunzi walikuwa macho madarasani. Kengele ya shule ilichelewa kulia, na hata ilipolia haikuwa imeunganishwa na kituo cha wazima-moto. Baada ya mkasa huo, miji mingi ya Marekani ilibadilisha sheria za majengo ya shule, ikasisitiza kengele zinazowafikia wazima-moto moja kwa moja.

Humu nchini, pengo hilo lina sura ya kikatiba. Katiba ya 2010 iliziachia serikali za kaunti kazi ya kuzima moto, ilhali shule za msingi na za upili zilibaki chini ya Serikali Kuu. Matokeo ni kwamba anayekagua bweni si anayemiliki gari la kuzimia moto, na mwenye gari huenda hajui barabara ya kufika bwenini wakati wa mvua. Kwa shule iliyo mbali na makao makuu ya kaunti, gari hilo mara nyingi hukuta majivu. Hii ni sababu nyingine ya kutegemea zaidi kamsa, mlango na mazoezi kuliko msaada wa kutoka mbali.

Wanaopinga wana hoja mbili. Ya kwanza ni gharama, hasa kwa shule ambazo hupokea mgao wa serikali ukiwa umechelewa. Lakini kuondoa vyuma madirishani, kupunguza vitanda na kufungua mlango wa pili si kazi za mamilioni, na kifaa cha kunasa moshi kinachotumia betri ni miongoni mwa vifaa rahisi vya usalama. Hoja ya pili ni kwamba wanafunzi watachezea kamsa hadi ipuuzwe. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni nidhamu na ukaguzi wa kila mara. Kuiondoa kamsa kwa sababu hiyo ni kuwaadhibu wote waliolala kwa utundu wa mmoja.

Baada ya mkasa wa Endarasha, serikali ilifanya ukaguzi, na mnamo Novemba 2024 ikaamuru kufungwa kwa mabweni ya shule za msingi 348 zilizopatikana zikikiuka viwango vya usalama. Hatua hiyo ilistahili pongezi, ingawa ilichukua vifo vya watoto 21 kutekeleza kanuni zilizokuwapo kwa miaka 16. Ukaguzi wa namna hiyo haufai kungoja maziko mengine, wala haufai kuishia katika kujaza fomu ofisini mwa mwalimu mkuu huku vizima-moto vikihesabiwa ukutani.

Kipimo cha kweli ni chepesi. Wanafunzi wakishafundishwa jinsi ya kutoka, mkaguzi afike usiku, aombe kamsa ilizwe, kisha asimame nje na saa mkononi. Ahesabu dakika hadi mtoto wa mwisho atoke na majina yaitwe. Shule ambayo haiwezi kufaulu mtihani huo haifai kulaza mtoto wa mtu hata usiku mmoja.